Pwani ya kusini ya Kenya na mama: Kinondo, Gazi na Wasini kwa treni, matatu na mashua

Wengi mmeniuliza zile picha za mikoko nilizowaonyesha zilikuwa za wapi na safari yangu na mama ilikula pesa ngapi, basi leo nimekaa na picha za simu na daftari la mama nikaipanga siku kwa siku. Daftari ni la mama kwa sababu amekuwa mweka hazina wa chama chao huko Njoro miaka nenda miaka rudi na hawezi kutoa shilingi bila kuandika imeenda kwa nani. Mimi nilikuwa nimejaza kichwa na mambo ya mazingira, tusitupe taka, tusipande ndege, hivyo. Yeye kila mahali alikuwa na swali moja tu, "ati hii pesa inaenda wapi?" Siku za kwanza nilikuwa naona haya. Kufika Jumatatu nikawa nauliza mimi kabla yake.

Tulienda Januari, shule zimeshafunguliwa na watu wa Krismasi wamerudi makwao, kwa hivyo bei zilikuwa zimeshuka na watu wa huko wana muda wa kuongea na mgeni.

Ijumaa: Nairobi hadi Ukunda

Treni ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, ekonomi 1,500 kila mtu (ilikuwa 1,000 mpaka mwisho wa 2023, wacha tu). Fika stesheni saa nzima mapema, mizigo inapangwa chini kwa laini mbwa anapita akinusa, na mbwa wa siku hiyo alisimama sana kwa kikapu cha mama chenye chapati za ndengu. Mama akamwambia askari, "mwambie hiyo si yake." Askari alicheka mpaka akatubebea begi hadi kwa ngazi.

Mpaka Mtito Andei nililala. Baada ya hapo usilale, kaa dirishani. Reli imeikata hifadhi ya Tsavo, Mashariki huku na Magharibi kule, na wakati wa kujenga wakaacha njia za chini ili wanyama wavuke. Tuliona tembo wa lile vumbi jekundu wamesimama karibu kabisa na tuta, mama akaniuliza sasa hao wanajuaje mlango uko wapi. Kuna watafiti waliowavalisha tembo kola za setilaiti kutafuta jibu la swali hilo hilo, nikamwambia hivyo, akasema na yeye angependa kujua wamelipwa ngapi.

Sasa sikiza hii kama unaenda pwani ya kusini: hauna haja tena ya kuingia Mombasa mjini kupanga foleni ya feri ya Likoni. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe yote 2024, nje ya stesheni ya Miritini, pale treni inapoishia, kuna matatu za kwenda Ukunda moja kwa moja. Sisi tulilipa mia tatu kila mtu baada ya kuitishwa mia tano. Inangoja ijae, tulikaa karibu saa nzima kwa jua la kule, lakini ikishaondoka unapita juu ya daraja la Mwache halafu lile refu la Mteza, la zaidi ya kilomita, na chini yako ni mikoko na maji pande zote. Pale Mwache mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, udongo wa mashamba ya juu ulishuka na mafuriko ukafukia mizizi, mti ukakosa pumzi. Mama alikuwa anafikiri mikoko inakufa kwa shoka pekee.

Usiku tukalala mahali nilikuwa nimebuku kwa simu, jina lake silitaji, kibao getini kimeandikwa "eko" kwa mbao nzuri kabisa. Chumbani tukapata chupa nne ndogo za maji za plastiki, kesho yake nne nyingine, sabuni vikaratasi, jenereta inanguruma usiku kucha. Nikauliza maji taka yanaenda wapi hakuna aliyejua. Mama yeye alienda kuongea na dada wa usafi, akarudi na habari yote: chakula kinaletwa na lori kutoka mbali, na kijana wa Ukunda hapo ni wa kufagia na kufungua geti tu. Asubuhi tukahamia gesti ya mama mmoja karibu na barabara kuu, bei nusu, ana mtungi mkubwa wa maji unajaza chupa yako kwa shilingi kumi, na mahamri na mbaazi za asubuhi anapika jirani yake.

Jumamosi: Diani, mbega

Siku fupi. Kwa barabara ya Diani ukitazama juu utaona ngazi za kamba zimening'inia kutoka mti huu kuvuka hadi mti ule. Ni za mbega, wale weusi wenye mabega meupe, manake mbega hapendi kushuka chini na akishuka gari linamgonga. Zilianza kuwekwa miaka ya tisini mwishoni na kile kituo cha Colobus Conservation, na ukilipa kiingilio pale mtu anakuzungusha na kukueleza. Nilichobeba mimi ni kwamba mbega anakula majani, tumbo lake lina vyumba vyumba kama la ng'ombe, na ndizi ya mgeni inaweza kumuumiza. Tumbili na kima ndio wanaokula kila kitu, na wakishazoea mkate wa hotelini wanaanza kuvunja jikoni za watu, halafu watu wanataka wauawe. Kwa hivyo usilishe nyani, kima, tumbili, hata akikuangalia vipi.

Mchana viazi karai na ukwaju, bahari, basi.

Jumapili: Kaya Kinondo

Tuktuk kutoka Diani, mia nne kwenda, ongea na dereva angoje au umpigie. Misitu ya kaya ya Mijikenda, yale makabila tisa ya pwani, iliingizwa kwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka wa 2008, sehemu kumi zilizotapakaa karibu kilomita mia mbili za pwani, na Kinondo ni mojawapo, ya Wadigo. Zamani watu waliishi ndani, vijiji vyenye ngome ya miti. Walipotoka wakaacha makaburi na mahali pa maombi, na msitu ukabaki kwa sababu wazee walikataza kukata. Huku pembeni viwanja vyote vimeuzwa mpaka ufuoni.

Kabla ya kuingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unavua chochote kilicho kichwani, na unaambiwa humo ndani hakuna kubusiana wala kubeba kitu, hata jani. Shida ikawa kitambaa cha mama. Mama havui kitambaa mbele ya watu, mimi mwenyewe nywele zake naziona nadra. Akasimama pale. Mtembezi wetu, kijana mpole tu, hakubishana wala hakusema "si shida mama, ingia tu" kama angesema mtu anayetaka pesa yako. Alituletea viti, akasema mama apumzike, akitaka kuingia ataingia, asipotaka atarudishiwa kiingilio chake. Tukakaa. Mama na yule kijana wakaanza kuongea mambo ya mvua, ya ndugu, ya bei ya mnazi. Baada ya muda mama mwenyewe akavua, akakunja mara nne akaniwekea mkononi, akasema, "hii nyumba ina mwenyewe."

Ndani kuna ubaridi ambao nje huupati, na chini ni mawe ya matumbawe ya kale yenye ncha, vaa viatu vilivyofungika. Kijana alitueleza mti huu ni wa homa, huu wa mgongo, mizizi ya huu inachemshwa mama akijifungua, mama naye anajibu kwamba kwao ni mti mwingine na unasagwa. Walipishana dawa mpaka nikawa wa ziada. Mbega walikuwa juu yetu muda mwingi, bila ngazi wala nini, hapa matawi yanashikana yenyewe. Swali la pesa lilipoulizwa jibu likaja haraka: sehemu ni ya wazee wa kaya na ulinzi wa msitu, sehemu ni ya mambo ya kijiji. Mama akaandika.

Ukienda, usiende na haraka ya kupiga picha. Uliza kwanza, kuna sehemu hazipigwi.

Jumatatu: Gazi

Matatu ya Msambweni kutoka Ukunda, mia kila mtu, unamwambia makanga akushushe njia panda ya Gazi halafu boda mpaka kijijini. Dereva wa boda yetu alikataa kubeba watu wawili na mizigo pamoja, akamwita mwenzake, akakataa pia kuongeza bei kwa kumwita mwenzake. Ndogo lakini nimeikumbuka.

Gazi ni kijiji kitulivu sana kwa jina kubwa hivi. Hapa ndipo alikaa Mbaruk bin Rashid Mazrui, yule aliyewasumbua Waingereza 1895 na 1896. Siku hizi jina lake kubwa ni mikoko. Miaka ya sabini mikoko ya hapa ilikatwa vibaya kwa kuni za viwanda, za kuchomea matofali na chokaa, na sehemu nyingine zikabaki uwanda mtupu wa mchanga ambao haukuota tena wenyewe. Kuanzia 1991 wakaanza kupanda kwa majaribio, watu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI pamoja na wanakijiji, na 2013 ukaanza mradi unaitwa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni: wanalinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa, kama tani elfu tatu kwa mwaka. Mwaka wa 2017 ulipata ile tuzo ya Equator, ya Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazolinda mazingira.

"Ati mnauza hewa?" Mama. Mbele ya kina mama wote wa kikundi.

Walicheka, inaonekana kila mgeni huuliza. Mmoja wao, wa makamo, leso mbili, akamketisha kwenye ubao wa ile njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko akamweleza kwa vidole. Mti unavuta hewa chafu, unaiweka kwa shina na zaidi kwa tope la chini, na tope hilo likiachwa bila kuguswa linaishikilia miaka na miaka. Mtu wa ng'ambo anayechafua anawalipa wasikate na waendelee kupanda. Pesa inapitia shirika la Scotland, inakuja kwa kamati iliyochaguliwa, na kijiji kinaketi baraza kuamua ifanye nini, imeshaleta maji ya mfereji na vitu vya shule. "Na mkikosa kuni?" Wakamwonyesha mivinje, wamepanda shamba lake ili mtu akitaka boriti au kuni asiende baharini. Mama alinyamaza kidogo, halafu akauliza nani anatia sahihi benki. Hapo nikajua wameelewana.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa yametoka, tukashuka kwenye tope kupanda. Mbegu ya mkoko ni fimbo ya kijani yenye ncha, imeshaota ikiwa bado juu ya mti, wewe unaichomeka tu, ncha chini, theluthi hivi izame, na usiisukume ukihisi inakataa, toa ujaribu pembeni. Nilichomeka moja kichwa chini. Msichana mdogo aliyekuwa akitusaidia akaichomoa bila kusema kitu akaigeuza. Wakatufundisha kutofautisha: mkoko wenyewe una mizizi inayotoka shinani ikainama hadi topeni, mchu unatoa vijiti vingi vinavyochungulia juu ya tope ndivyo unavyopumulia, mlilana unakaa mbele kabisa kwa maji, mkandaa nyuma. Kaa wadogo wekundu wanaingia mashimo ukisogea mguu. Na mbu wapo, paka dawa kabla.

Chakula wanapika wao wenyewe ukiwaambia mapema: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, maji ya ndimu. Tulilipa kiingilio, miche na chakula, watu wawili, haikufika elfu mbili, na nikapewa risiti ya mkono. Mama ameibandika kwa daftari.

Jumanne: Shimoni na Wasini

Matatu ya Lunga Lunga mpaka Kanana. Tulingoja moja yenye nafasi zaidi ya saa moja na nusu, zinapita zimejaa, miwa tu huku na huku. Mwenye kibanda cha madafu akamtolea mama kiti chake mwenyewe na akakataa pesa ya dafu la pili. Kutoka Kanana ni boda hadi Shimoni.

Mapango ya watumwa yanasimamiwa na kijiji na kiingilio kinasaidia karo na dawa. Sitaandika mengi. Mama alitoka kabla yangu.

Kwa Wasini kuna mashua mbili: ya wageni, elfu kadhaa, na ya wenyeji, ambayo unakaa na magunia ya unga na mitungi ya gesi ukilipa mia. Uliza tu gatini, utasubiri ijae. Kisiwa hakina gari hata moja na hakina mto wala kisima cha maji matamu ya kutegemea, maji ni ya mvua kwenye matenki na majabia, mengine huletwa kutoka bara. Kwa hivyo tafadhali, ukilala huko oga kwa kata. Mwenyeji wetu alitupa ndoo moja moja bila maelezo, ikatosha.

Ile bustani ya matumbawe ya kina mama wa Wasini nenda jioni ya bamvua, siku za maji makubwa, kama unaweza. Ni matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, yamesimama kama watu, na njia ya mbao inapita katikati. Tulipofika ilikuwa nyasi na mawe, tulipokuwa tunarudi bahari imeingia chini ya mbao kimya kimya imefunika yote. Usiku kaa wa nazi. Sina la kusema juu ya kaa yule.

Jumatano: Kisite

Kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Kisite ni kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, hawapokei pesa taslimu, na mtandao gatini ni wa kubahatisha, lipa usiku ukiwa bado na bando. Chupa za plastiki, sahani na mirija ya kutupa haviruhusiwi kwenye hifadhi tangu Juni 2020. Pia badala ya kujipaka sanskrini kilo nzima vaa fulana ya mikono mirefu, yale mafuta yanaishia kwenye matumbawe.

Tulichagua kapteni kwa swali moja nililopewa na kina mama wa Gazi: mwulize akiona pomboo atafanya nini. Wa kwanza alisema atatupeleka mpaka tuwaguse. Wa pili akasema atazima injini, wakitaka watakuja. Tukaenda na wa pili. Na kweli tulipowaona, saba au nane, akapunguza, akakaa pembeni, akazima. Walipita karibu hata nikasikia pumzi zao. Halafu zikaja boti tatu kutoka upande mwingine kwa mwendo, zikawazunguka, pomboo wakazama wakatokea mbali, boti zikawafuata. Mama: "Sasa wanawafukuza kama kuku wa Krismasi?" Kapteni akasema ndani ya boti zile wageni ndio hupiga kelele "karibia, karibia," na mtu anaogopa kukosa bakshishi. Sisi tulimpa yake pale pale na tukamwambia ni ya nini.

Kisite ndani hakuvuliwi kitu kabisa, Mpunguti pale jirani wavuvi wa mitego ya kienyeji wanaruhusiwa. Mimi nilidhani wavuvi watachukia, lakini kapteni, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, anasema samaki wakijaa ndani hutoka nje wenyewe. Maji ya msimu wa upepo wa kaskazi ni safi mno, niliona samaki, pono na vitatange, na kasa mmoja aliyekuwa akila bila kutujali. Mama haogelei. Kapteni alimfunga jaketi, akampa boya ashike, na yeye akashuka majini kumsukuma taratibu, uso wa mama ndani ya barakoa. Alikaa hivyo muda mrefu sana hata nikaanza kuwa na wasiwasi. Alipoinua kichwa akasema tu, "rudisha."

Usikanyage matumbawe ukichoka, geuka chali uelee.

Alhamisi: Kibuyuni na kurudi

Kabla ya kushika njia tulipita Kibuyuni, kina mama wanaolima mwani. Nenda maji yakitoka, mchana kwa siku ile. Wanafunga vishada kwenye kamba, kamba kwenye vigingi, bahari inafanya iliyobaki. Mwani ukikauka unauzwa kwa kilo na kwenda ng'ambo, ila pesa ya kilo ni ndogo, ndiyo maana wakaanza kutengeneza sabuni wenyewe. Mama alinusa kila kipande, akauliza mafuta gani, akauliza faida kwa kipande, akaambiwa bila kufichwa. Wakakaa chini ya mwembe na kiongozi wao, daftari kwa daftari, mimi nikatumwa soda.

Kurudi hakuna hadithi: boda, matatu, Dongo Kundu, treni ya usiku, baridi ya ekonomi, beba shuka.

Sabuni mia moja za Kibuyuni zilifika Njoro kwa basi wiki iliyopita na chama kimeshamaliza nusu. Sasa wanataka kwenda wote, kumi na wanne, mwezi wa nane. Nimewaambia mwezi wa nane ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ya Kisite inachafuka na mashua inarushwa, wangoje Novemba, na waweke simu mapema Gazi kwa sababu ya chakula. Mama amenijibu Novemba ni mahindi. Tumekubaliana Februari.